Bob Collymore: Pesa zilitoka mfuko wa nani?

Waulize Wakenya Bob Collymore alikuwa nani, nawe utapata majibu mawili ambayo ni vigumu kuyakalisha mkeka mmoja. Mmoja atakwambia alikuwa bosi wa Safaricom, kampuni ya simu iliyokuwa na faida kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Mwingine atamkumbuka mtu mzima mwenye saksafoni, aliyekuwa rafiki wa watoto wa Korogocho, mtaa wa mabanda Nairobi, wanaojifunza fidla na tarumbeta, na aliyesimama mbele ya matajiri wenzake akawaambia wazi kwamba rushwa huanzia kwao. Majibu yote mawili ni ya kweli. Shida huanza tunapoyachanganya. Utasikia "Collymore alitujengea shule". Utasikia "Safaricom wanasaidia kwa vile bosi wao alikuwa na roho nzuri". Na kutoka upande wa pili utasikia "hizo ni pesa zetu, wanaturudishia kwa kijiko".

Nimeyasikia yote hayo, kwenye matatu na kwa kinyozi, na kila moja lina chembe ya ukweli. Njia ninayoiona ya kuyatenganisha ni swali ambalo mwenye nyumba yeyote hujiuliza akiona kikapu kimewekwa mlangoni: hiki kimetoka mfuko wa nani? Ukilifuata swali hilo katika maisha ya kazi ya Collymore, unaanza kuona wapi kampuni inaishia, wapi mtu anaanzia, na wapi ni wewe na mimi tuliokuwa tukitoa bila kujua.

Tuanze na mtu mwenyewe. Robert William Collymore alizaliwa Guyana mwaka 1958, akalelewa na nyanya yake, na alipofika miaka 16 akamfuata mamake Uingereza. Chuo kikuu hakusoma. Aliingia British Telecom akiwa kijana na akakaa huko miaka mingi. Mwaka 1998 alijiunga na Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, katika idara ya ununuzi: yeye ndiye aliyekaa mezani na watengenezaji wa simu za mkononi kupatana bei. Mwaka 2003 alipelekwa Japani upande wa masoko, na mwaka 2006 akakabidhiwa usimamizi wa maslahi ya Vodafone barani Afrika. Hapo ndipo alipopata kiti katika bodi ya Safaricom.

Hiyo kazi ya ununuzi watu huipita haraka, mimi naona ndiyo ufunguo. Katika kampuni yoyote, mnunuzi ndiye anayetembelewa. Ndiye anayeletewa zawadi za Krismasi, ndiye anayealikwa chakula cha jioni na mtu anayetaka zabuni. Aliyekaa katika kiti hicho miaka na miaka hafundishwi na mtu mahali rushwa inapolala. Anapajua kama anavyojua kabati lake. Collymore alipokuja baadaye kusema kwamba mfanyabiashara anayetoa hongo hana haki ya kujiita mhanga wa serikali fisadi, alikuwa akisema juu ya chumba alichowahi kuishi.

Alikabidhiwa uongozi wa Safaricom Novemba 2010 kutoka kwa Michael Joseph, na hakukuta karamu. Miezi michache kabla, Tume ya Mawasiliano ilikuwa imepunguza ada ambayo kampuni za simu hulipana mteja wa moja anapompigia wa nyingine, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Zain, ambayo baadaye ikawa Airtel, ilishusha gharama ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na Safaricom ikalazimika kushuka nayo. Sisi wateja tulifurahi sana. Wanahisa hawakufurahi: faida ya kampuni, iliyokuwa shilingi bilioni 15 katika mwaka ulioishia Machi 2010, ilishuka hadi bilioni 13 mwaka uliofuata, ikashuka tena.

Oktoba 2011 Collymore alipandisha bei hadi shilingi 4. Nilinung'unika kama kila mtu. Lakini uamuzi huo unafundisha jambo la kwanza kabisa kuhusu wadhifa wake, jambo ambalo sifa za mazishini hulifunika: mkurugenzi mkuu ni mwajiriwa. Ana mkataba wenye tarehe ya mwisho, ana bodi juu yake yenye mwenyekiti wake, na bodi hiyo ina wenye mali nyuma yake. Wakati ule Vodafone ilikuwa na asilimia 40 ya Safaricom, serikali ya Kenya asilimia 35, na asilimia 25 zilikuwa mikononi mwa watu na taasisi walionunua hisa, wengi wao katika ule uuzaji mkubwa kwa umma wa mwaka 2008, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Watu walipanga foleni, wengine kwa pesa za mkopo wa benki. Bei ya hisa ilishuka chini ya ile waliyonunulia na ikakaa huko miaka. Hao wote walikuwa wakimtazama Collymore. Shilingi anayoigawa kwa wema nje ya hesabu ni yao, na wanaweza kumuuliza.

Kwa hiyo mfuko wa kwanza ni wa kampuni, nao una wenyewe. Wakfu wa Safaricom, ule unaojenga madarasa, kuchimba visima na kukarabati wodi za wazazi, hupata pesa kutoka hapo. Ulianzishwa mwaka 2003, miaka saba kabla ya Collymore kukalia kile kiti. Aliukuta. Aliukuza, naam, lakini anayesema aliuanzisha anakosea.

Mfuko wa pili ni wa ajabu zaidi, na wengi hatujui kwamba upo. Ngoja nikupeleke kwa wakala wangu wa M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutumiana pesa kwa simu.

Kibanda chake ni cha mabati yaliyopakwa rangi ya kijani. Ndani kuna meza, kalenda ya mwaka juzi, na daftari refu lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isitembee na wateja. Namwambia, "Mama, niwekee mia tano." Ananiuliza nambari, namtajia, anabofya simu yake ndogo ya vibonye, anatazama kitambulisho changu, kisha ananisukumia daftari: "Weka sahihi hapa." Simu yangu inalia. Ujumbe umeingia, salio limeongezeka. Noti yangu ya mia tano imeingia kwenye droo yake.

Sasa fikiria: pesa zangu ziko wapi? Noti haijaenda Safaricom. Iko pale mezani, na huenda kabla ya dakika kumi akaitoa kwa mtu aliyekuja kutoa pesa alizotumiwa na mwanawe. Kilichotokea ni kwamba asubuhi, kabla sijafika, mama huyu alikuwa amepeleka pesa zake mwenyewe benki akanunua floti, yaani salio la M-Pesa la kuhudumia wateja. Zile shilingi alizopeleka zimekaa katika akaunti ya amana. Nilipompa noti, alinihamishia mia tano za floti yake, na hivyo mia tano zilizokuwa zake kule benki zikawa zangu. Benki hakuna kilichosogea hata senti. Mwenye haki juu yake ndiye aliyebadilika.

Akaunti hiyo haimilikiwi na Safaricom. Inashikiliwa kwa niaba yetu na kampuni ya amana iliyotengwa, M-Pesa Holding, ili Safaricom ikifilisika kesho, wanaoidai wasiweze kugusa salio la mteja. Ni mpango wa busara. Lakini salio langu la mia tano likijumlishwa na la mama mboga, la mwalimu, la mwendesha boda na la mamilioni ya wengine, linakuwa mlima wa pesa uliolala benki, na pesa zilizolala benki huzaa riba. Riba hiyo ni ya nani?

Safaricom si benki, kwa hiyo haikuruhusiwa kuila. Mimi na wewe hatugawiwi, kwa sababu M-Pesa haikuandikishwa kama akaunti ya akiba. Kanuni za mfumo wa malipo za mwaka 2014 zinasema mapato ya amana kama hiyo yatumike kulingana na sheria za amana au yapewe shirika la hisani kwa manufaa ya umma. Riba hiyo ndiyo chimbuko la Wakfu wa M-Pesa, ulioanzishwa mwaka 2010, na wakfu huo ndio uliojenga ile shule ya upili ya bweni kule Thika, M-Pesa Foundation Academy, iliyofunguliwa mwaka 2016 kwa ajili ya watoto wenye vipaji kutoka familia zisizojiweza.

Rudi sasa kwenye kauli ya "Collymore alitujengea shule". Kwa hesabu ya mfuko, shule ile imejengwa na salio linalobaki kwenye simu zetu kati ya siku ya mshahara na siku ya kodi. Sisemi hivyo ili kumpunguzia mtu heshima. Nasema kwa sababu naona ni habari nzuri kuliko ile ya tajiri mwema, na inatupa haki ya kuuliza jinsi pesa hizo zinavyotumika, haki ambayo mwombaji hana.

Na hata M-Pesa yenyewe haikutoka mfuko mmoja. Ilizinduliwa Machi 2007, enzi za Michael Joseph, baada ya majaribio yaliyogharamiwa kwa pamoja na Vodafone na idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, iliyotoa karibu pauni milioni 1. Mlipa kodi wa Uingereza alikuwa na mkono wake mle. Collymore alichokifanya ni kuichukua huduma ya kutumiana pesa na kuifanya kuwa karibu kila kitu: M-Shwari ya akiba na mikopo mwaka 2012, Lipa na M-Pesa madukani mwaka 2013, M-Tiba ya kuweka pesa za hospitali mwaka 2016. Wapinzani walilalamika kwamba amewafungia milango. Wakala wa kibanda cha kijani hakuruhusiwa kuhudumia wateja wa Airtel, mpaka malalamiko yalipofika kwa Mamlaka ya Ushindani na Safaricom ikaliondoa sharti hilo Julai 2014. Nalitaja kwa sababu ni mkurugenzi huyohuyo aliyekuwa akihutubia dunia kuhusu biashara yenye utu. Alikuwa akilinda ngome kwa mkono mmoja na kufungua mlango kwa mkono mwingine, na sidhani aliona mgongano.

Mfuko wa tatu ni wa wananchi waliotoa kwa kujua. Julai 2011 ukame ulikuwa umeipiga Kenya, na picha kutoka Turkana, kaskazini mwa nchi, za watoto waliobaki mifupa zilikuwa zikionyeshwa kila jioni. Wakfu wa Safaricom, Benki ya KCB, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu wa Kenya walianzisha mchango wa Kenyans for Kenya, wakiwa na lengo la shilingi milioni 500. Lengo lilipitwa. Kilichonigusa wakati ule ni wingi wa watu kuliko jumla ya pesa: watu walituma shilingi 10, shilingi 50, mia, kwa sababu ilikuwa inawezekana kutuma kiasi hicho bila aibu na bila kupanda gari kwenda benki. Hapa mfuko wa kampuni ulikuwa mdogo ukilinganisha na mfereji wake, yaani M-Pesa. Uongozi wa Collymore kwa jamii, katika tukio hili, ulikuwa kuukubali mfereji utumike na kusimama mbele ya kamera kuwaita watu. Nadhani hapa ndipo alipong'amua uwezo aliokuwa nao. Mbunge anaweza kuhutubia uwanja uliojaa. Huyu angeweza kufika kwenye mfuko wa shati wa karibu kila mtu mzima nchini.

Basi uwezo wa namna hiyo ni wa kampuni au ni wa umma? Nani alimpigia kura?

Swali hilo lilimfikia mwaka 2017, nalo lilimfikia kwa ukali. Mtandao wa Safaricom ulikuwa miongoni mwa mitandao ya kampuni tatu iliyosafirisha matokeo ya uchaguzi wa urais kutoka vituoni hadi kwa tume ya uchaguzi. Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo hayo Septemba 1, muungano wa upinzani wa NASA uliituhumu kampuni kuhusika na uchakachuaji. Collymore alikana: mtandao, alieleza, hubeba data kama barabara inavyobeba magari, na waliokuwa na mitambo ya kupokea na kuhesabu ni wengine. Kiufundi hoja hiyo ina maana. Kisiasa haikutosha, na nafikiri naelewa kwa nini. Kampuni iliyokuwa imejijenga kwa kusema ni ya kila Mkenya haikuweza siku ya mashaka kujiita barabara tu. Aliyezoea kuwa jirani hawezi kuomba ahesabiwe kama lami.

Zaidi ya hapo kulikuwa na ile asilimia 35. Serikali ni mwenyehisa, hupokea mgao wa faida kila mwaka, na pia ni mteja mkubwa. Baada ya shambulio la kigaidi kwenye jumba la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, Safaricom ilipewa kazi ya kuwajengea polisi mtandao wa mawasiliano na kamera za usalama Nairobi na Mombasa, kazi ya karibu shilingi bilioni 15, na Bunge lilihoji jinsi ilivyotolewa bila ushindani wa wazi. Mtu akisema kampuni iko karibu mno na serikali, ana pa kuegemea. Novemba 2017 NASA iliwataka wafuasi wake wasusie bidhaa za Safaricom pamoja na za Brookside, kampuni ya maziwa, na Bidco, ya mafuta ya kupikia. Siku zile Collymore hakuwa hata nchini. Mwishoni mwa Oktoba alikuwa amekwenda Uingereza kutibiwa, na mkuu wa fedha wa kampuni, Sateesh Kamath, ndiye aliyeshika usukani.

Ukaribu huo na serikali ndio unaofanya vita vyake dhidi ya rushwa viwe na uzito kwangu, kwa sababu alikuwa na cha kupoteza. Kwanza aliigeukia nyumba yake: ripoti za kila mwaka za Safaricom zilichapisha idadi ya wafanyakazi waliofukuzwa kwa udanganyifu, jambo ambalo kampuni nyingi hulizika kimyakimya. Wanaoiuzia kampuni bidhaa na huduma walitakiwa kutia sahihi kanuni za maadili. Kisha akawa miongoni mwa sauti za sekta ya kibinafsi zilizoisukuma Sheria ya Hongo ya mwaka 2016. Sheria hiyo, kwa ufupi, inailazimu kampuni kuwa na utaratibu wa kuzuia hongo, na inamtaka mwenye mamlaka aripoti tukio analolijua au kulishuku ndani ya saa 24. Kabla yake, kampuni ingeweza kusema "ni yule karani wetu mkorofi" ikaendelea na biashara.

Halafu akafanya jambo dogo ambalo mimi nalipa nafasi kubwa. Alitangaza hadharani mali yake na mshahara wake. Nchini Kenya watumishi wa umma hujaza fomu za mali tangu Sheria ya Maadili ya mwaka 2003, lakini fomu hizo hufungiwa kabatini na mwananchi wa kawaida hazioni. Collymore hakuwa mtumishi wa umma. Hakuna sheria iliyomgusa. Aliufungua mfuko wa nne, wake mwenyewe, akasema tazameni. Ukiniuliza ni tendo gani lake lilikuwa la uongozi wa jamii moja kwa moja, lisilo la kampuni, lisilo la wakfu, lisilo la salio letu, nitakutajia hili kabla ya mengine yote. Halikumlisha mtu. Lakini liliwaacha viongozi wengi bila pa kujificha, na wachache mno walimfuata.

La Korogocho nalo ni la mfuko wake kwa sehemu. Mradi wa Ghetto Classics ulianzishwa na Elizabeth Njoroge kupitia shirika la Art of Music, karibu na jaa la Dandora, kabla Collymore hajaujua. Tamasha la jazi la Safaricom lililoanza mwaka 2014 lilielekeza mapato ya tiketi kwa mradi huo. Kwa hiyo pesa zilikuwa za wanunuzi wa tiketi na za bajeti ya matangazo ya kampuni; ubunifu ulikuwa wa Njoroge na walimu wake. Cha Collymore kilikuwa muda. Alikwenda. Aliketi na kusikiliza wanafunzi wakikosea noti na kuirudia. Waliowahi kufundisha muziki wanajua mtu anayekuja kupigwa picha huondoka kabla ya marudio ya pili.

Kuanzia mwaka 2015 alitaka hayo yote yapimwe kwa hesabu. Safaricom ilianza kuchapisha, kwa kutumia mbinu ya KPMG, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, ripoti ya thamani yake kwa jamii: kodi, ajira, faida ya M-Pesa kwa watu, na kwa upande wa kutoa, madhara kwa mazingira na hasara ya rushwa. Jumla iliyotoka ilikuwa takriban mara 10 ya faida ya kampuni. Nampongeza kwa kuthubutu kupima, ila hesabu yenyewe naipokea kwa tahadhari. Ukihesabu faida aliyoipata mfanyabiashara wa soko la Gikomba kwa kuwa na M-Pesa, unajuaje sehemu iliyotokana na M-Pesa na sehemu iliyotokana na kuamka kwake saa kumi alfajiri? Vipo vitu ambavyo kampuni huvigusa bila kuvimiliki, na kuviandika kwenye daftari la kampuni ni kumchukulia mtu jasho lake.

Tena kuna mambo ambayo hesabu ile haiyabebi vizuri. Mkopo wa M-Shwari ulikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukiusikia hivyo ni mdogo. Ukiukopa tena kila mwezi, mwaka mzima umelipa asilimia 90. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayokuruhusu kulipa hata salio likiisha, na watu wakaipokea kama mvua. Kwa mama wa kibanda anayepungukiwa shilingi mia mbili saa kumi na mbili jioni, ni msaada wa kweli, nimeuona. Kwa kijana anayeamka kila siku akiwa chini ya sifuri, ni kitu kingine. Pesa za kamari nazo zilipita kwenye mfereji uleule uliobeba michango ya Turkana, na vijana wetu wengi wamelia kwa ajili yake. Collymore alizungumza sana kuhusu pengo kati ya walionacho na wasionacho. Naamini alimaanisha. Lakini mfuko wa kampuni uliendelea kujazwa na ada, na wingi wa ada hizo ulitoka kwa wasionacho. Faida ya kila mwaka ilipanda kutoka ile bilioni 13 aliyoanzia hadi zaidi ya bilioni 62 katika mwaka ulioishia Machi 2019. Mtu mmoja hawezi kuibadilisha hesabu hiyo kwa roho nzuri, hata akiwa bosi. Hilo linahitaji sheria, Benki Kuu, na wateja wanaouliza.

Alirejea kutoka Uingereza Julai 2018, baada ya karibu miezi tisa, akasimulia ugonjwa wake kwenye televisheni: saratani ya damu, ya aina inayokwenda mbio. Kwa kawaida wakubwa wetu huugua "malaria" au "uchovu" mpaka siku ya tanzia. Yeye aliutaja kwa jina, akaeleza matibabu, na hakuficha kwamba alipata huduma ambayo Wakenya wengi wasingeifikia. Bodi ilikuwa imemwongezea mkataba, ikamwongezea tena mwaka mmoja Mei 2019. Alifariki nyumbani kwake Nairobi Julai 1, 2019, akiwa na umri wa miaka 61, na kesho yake mwili ukachomwa katika tanuri la Kariokor. Siku chache baadaye serikali iliagiza kampuni za simu zifunge nambari za malipo za kampuni kadhaa za kamari zilizokuwa hazijapewa leseni upya, SportPesa ikiwemo.

Michael Joseph alirudi kushikilia kiti kwa muda, na Peter Ndegwa, Mkenya wa kwanza kukikalia, akaanza kazi Aprili 1, 2020. Wiki mbili kabla, corona ikiwa ndiyo kwanza imeingia nchini na watu wakiogopa kushika noti, kampuni ilikuwa imekubaliana na Benki Kuu kuondoa ada ya kutuma shilingi 1,000 au chini yake. Hiyo haikuwa riba ya amana wala mchango wa wananchi. Ilitoka mfuko wa kampuni wenyewe, na wanahisa waliihisi: mapato ya M-Pesa yalipungua. Wakala wangu alikuwa akiwakumbusha wateja wazee, mmoja mmoja, kwamba mia tano ya mjukuu siku hizi inakwenda bure.

Mpango ulidumu hadi Desemba 31, 2020. Januari 1 ada zikarudi, isipokuwa kwa anayetuma shilingi 100 au chini yake. Hiyo iliachwa bure.